Stesheni ya Virginia

Virginia alifika darasa la tatu. Alisema hilo linatosha kufundisha mtu mmoja kusoma, na huyo mtu alikuwa mimi mumewe, kwa sababu shule mimi niliipita tu nikipeleka ng'ombe kunywa maji. Mkiona herufi imepinda hapa, ni darasa la tatu hilo.

Tulikaa Isinya miaka thelathini na nane. Mimi nilikamua, yeye akauza maziwa Kitengela. Hakuwa mtu wa maneno mengi mpaka mwaka juzi, alipoenda Ujerumani kwa mtoto wetu Shiro, aliyekuwa amejifungua. Alikaa miezi mitatu. Akarudi na stesheni.

Nasema stesheni kwa sababu hakuleta habari nyingine. Watu walimuuliza theluji, akawajibu stesheni. Stesheni kuu ya Frankfurt, na vile alibadilisha treni pale peke yake, mama wa maziwa, bila kupotea. Aliwaeleza wateja wake wote. Aliwaeleza wa kanisa. Mimi alinieleza nikikamua, wakati siwezi kuondoka.

“Baba Shiro, treni ya kutoka uwanja wa ndege inakushusha chini ya ardhi. Panda zile ngazi zinazotembea mpaka uone njiwa. Ukiona njiwa, umefika juu. Usiulize mtu wa tai shingoni, huyo naye anapita tu. Uliza mwenye ufagio, yeye ni wa hapo. Na ujue treni ya huko haingoji mtu.”

“Mama Shiro,” nikamwambia, “hiyo stesheni umeniimbia mpaka naweza kuitikia. Sukuma ndoo huku.”

Alisukuma ndoo. Siku ya tatu akaanza tena.

Mwaka huu Shiro alijifungua wa pili. Tulikuwa tuende sisi wawili. Pasipoti niko nayo, viza niko nayo. Siku za mwisho nikakataa, nikasema ng'ombe ataachiwa nani. Virginia akaenda peke yake. Wiki ya tano, akikunja nguo za mtoto, moyo wake ulisimama. Ng'ombe mwenyewe alikuwa ameshakauka maziwa.

Shiro alinipigia simu. Alikuwa amepasuliwa kumtoa mtoto, mshono ukachelewa kupona, kutembea bado ni shida.

“Baba, mama atarudi kwa ndege. Lakini sheria ya huku, ndani ya jeneza wanaweka bati, halafu wanalichomelea. Likishachomelewa halifunguliwi tena, hata huko nyumbani. Ni Alhamisi saa tisa. Nimewaomba wasongeze saa mbele, wamekataa. Ukitaka kumwona, lazima ufike kabla.”

“Nitafika.”

“Utabadilisha treni Frankfurt peke yako, Baba. Ouko amepewa ruhusa ya saa mbili tu kazini. Atakungoja huku kwetu.” Ouko ni mumewe.

“Nimesema nitafika.”

Nilitoa kitambaa cha Virginia cha kichwa kwa msumari, kile cha akina mama wa kanisa. Safari hii alikisahau. Huyo mwanamke sikuwahi kumwona kichwa wazi mbele ya wageni, na sasa wageni wanataka kumfungia bati hivyo hivyo. Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu Ulaya. Kumfunga kitambaa kabla ya saa tisa.

Niko na jirani anaitwa Maweu. Maweu alienda Ulaya siku kumi na moja na kwaya, na huu ni mwaka wa tisa bado anarudi kwa mdomo. Alikuja kunichorea ramani nyuma ya kalenda.

“Mzee, stesheni ni stesheni. Ukiingia, ubao wa majina uko kushoto, treni ziko kulia. Usisumbue watu na maswali, utaonekana mshamba.”

“Na njiwa?”

“Njiwa gani?”

Hapo nilipaswa kushtuka. Lakini nilikunja ramani yake nikatia mfukoni, na maneno ya mke wangu sikuyakumbuka vizuri, kwa sababu miaka miwili yote nilikuwa nayasikia kama mvua ya jirani.

Alhamisi saa tano na nusu treni ya kutoka kwa ndege ilinishusha chini ya ardhi. Nilipanda ngazi inayotembea, nikapanda nyingine, nikaona njiwa. Nikatoa ramani ya Maweu. Kushoto palikuwa duka la soseji. Kulia duka la simu. Baadaye nilisikia kwaya yake iliimba Italia. Yeye hakuona tofauti.

Nimeenda minada ya ng'ombe yenye adabu kuliko ile stesheni. Hakuna anayesalimu. Kila mtu anaburuta sanduku lake kama mbuzi aliyekataa kwenda kuchinjwa. Paa la chuma wamelipandisha juu sana, sijui walitaka kuficha kilima gani. Choo kina geti kama shamba la tajiri. Na treni ishirini na nne zimepanga vichwa kama ng'ombe kwa birika la kunywea maji, zote zinafanana, hakuna hata kijana wa kuita inaenda wapi. Watu wenye shule wote hao, na hakuna aliyefikiria kuita.

Nilimsimamisha mtu wa tai. Nikamwonyesha karatasi Shiro alituma, iliyo na jina la mji wao, jina refu kama wimbo wa mazishi. Akanionyesha simu yake, kana kwamba na mimi niko ndani. Akaenda.

Ndipo nikakumbuka ufagio.

Mwenye ufagio alikuwa mama mfupi, jino moja la dhahabu. Sikujua lugha yake wala yeye yangu. Nilivua kofia, nikampa mkono. Alishangaa, akafuta mkono wake kwa aproni kwanza, akanipa. Alisoma karatasi akitembeza midomo, vile mimi nasoma. Akainua vidole kumi, halafu saba. Aliacha ufagio ukiegemea ukuta, akanipeleka mpaka namba kumi na saba, akapiga ubavu wa treni na kiganja: hii. Akanionyesha saa kubwa na kidole. Treni ni ya saa sita na dakika ishirini. Wakati huo ilikuwa saa sita kamili.

Nikachungulia ndani. Treni ndefu kama kutoka kanisani mpaka kwa daraja, na watu wanne.

Nilicheka. Nilijua hiyo haiendi leo. Kitengela hata matatu ya nisani ya watu kumi na wanne haiwashwi mpaka kiti cha mwisho kipate makalio, sembuse hii. Nikakaa kwa benchi ya nje, penye hewa, nikafungua ngwaci zangu, viazi vitamu vya kuchemsha, nikaanza kula polepole nikingoja ijae. Mzungu mmoja akaingia mbio. Nikamwonea huruma, anakimbilia kukaa.

Ngwaci ya pili ikiwa mkononi, milango ilipiga filimbi. Treni ikaondoka. Na watu wake watano.

Treni ya huko haingoji mtu. Aliniambia kwa kila ndoo ya maziwa. Mimi nilidhani ni methali. Nilidhani ni mambo ya kanisa, ile ya bwana arusi na taa.

Nyingine ilikuwa baada ya saa nzima. Ilipofika niliingia kabla ya watu kumaliza kutoka, nikakanyagwa, nikakaa. Ngwaci niliwaachia njiwa kwa benchi.

Nilifika saa nane na dakika hamsini. Ouko alikuwa na gari limewashwa. Hakunisalimu, na alifanya vizuri. Tuliingia kwa ile nyumba ya majeneza saa tisa na dakika nane. Mzee mmoja wa Kizungu alikuwa ananawa mikono.

Ouko aliongea naye kwa muda. Mzee akaangalia saa ya ukutani, akaniangalia, akajibu neno moja au mawili. Ouko hakunitafsiria. Niliweka mkono juu ya bati. Lilikuwa bado na joto.

Tulimzika Isinya wiki iliyofuata. Maweu alisimama kuongea. Alisema marehemu na yeye walikuwa wasafiri, akaanza kueleza watu stesheni za Ulaya, ubao kushoto, treni kulia. Nikasimama.

“Maweu,” nikasema, “treni ya huko haingoji ijae.”

Akainamisha kichwa. Watu wakaguna vizuri.

“Maneno mazito hayo, Mzee. Kweli kabisa. Kifo hakingoji.”

“Nimesema treni.”

Wakanishika mkono, wakanikalisha. Kitambaa nilirudi nacho. Kiko kwa msumari wake.