Kiingereza Changu na Kitanda cha Mwero

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyobeba tendegu la kitanda kutoka Jomvu hadi Changamwe, jua likiwaka na watu wakitoka majumbani kunitazama. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nimevaa gauni jeupe la kazi na viatu vya kamba, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nakusimulia kwa sababu juzi nilikusikia ukiwasomea wenzako barua ya Kiingereza ya huko kazini kwako. Ulifika mahali ukasita, kisha ukapita mbio kama mtu aliyekanyaga siafu. Nilijua hapo hukuelewa. Nilijua kwa sababu na mimi ndivyo nilivyokuwa.

Kwetu ni Kisauni. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kanisa, akanisomesha wakati ambao wasichana wengi hawakusomeshwa. Shuleni nilipata zawadi ya Kiingereza mbele ya wazazi wote, na toka siku hiyo, Mungu anisamehe, shingo yangu haikugeuka vizuri. Nikiongea na mtu namtazama kwa juu. Mamangu alikuwa akinambia, "Damari, hebu shuka kidogo tuongee." Nami nadhani anatania.

Basi ilikuwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Sukari ilikuwa ya kupanga foleni, na barabara ya Changamwe ilijaa malori ya askari. Nilipata kazi katika zahanati ndogo ya misheni hapo Changamwe, nikawa nakaa kwa shangazi yangu. Mkubwa wa zahanati alikuwa muuguzi wa Kizungu, Misi Dora, mama mrefu mwembamba mwenye kutembea upesi, ambaye alikuwa hajamaliza mwaka tangu aje kutoka kwao. Kiswahili chake kilikuwa cha "jambo" na "fungua mdomo". Kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Mwingine alikuwa Baba Timotheo, dresa, yule wa kufunga vidonda na kupiga sindano, mzee mpole aliyefanya kazi na Wazungu miaka mingi kabla yangu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, hakijui wakati uliopita wala ujao. Nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo.

Siku moja akaletwa mtu anaitwa Mwero, Mduruma wa huko Mazeras. Alikuwa mkata kuni. Alianguka msituni shoka likiwa mkononi, ndugu zake wakambeba mpaka kwetu, kifua chapiga kama mvukuto. Misi Dora akasema ni kichomi. Akampa vidonge, akaonya kwamba lazima vimezwe kwa saa zake mpaka viishe, hata kama mgonjwa ataonekana mzima.

Mke wake aliitwa Mbodze. Mwanamke wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa ya kazi. Siku nne hakubanduka pale barazani. Alipika uji, alifua, alikaa. Siku ya tano asubuhi homa ikashuka. Mwero akafungua macho, akauliza uji uko wapi. Mbodze akaja mbio kwangu.

"Binti, niulizie Misi. Mume wangu amepona?"

Nikauliza. Misi Dora akatabasamu, lakini akatikisa kichwa. Akasema, "He is not out of the woods yet."

Mwanangu, maneno yale yote nilikuwa nikiyajua, moja moja. Hakuna hata moja lililonishinda. Lakini yalipokaa pamoja sikujua yanatafuta nini pale. Woods ni msitu. Kutoka ni kutoka. Sasa msitu umeingiaje katika kichomi? Ningeweza kuuliza. Misi alikuwa amesimama mbele yangu, umbali wa mkono. Lakini Mbodze alikuwa ananitazama, Baba Timotheo anapita na beseni lake, na mimi ni yule wa zawadi. Nikaona haya. Nikasema kwa sauti ya kujiamini:

"Misi asema mume wako bado hajatoka msituni."

Mbodze akasogea karibu. Uso ukambadilika.

"Amesema hivyo yeye mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake."

"Na yeye Mzungu amejuaje?"

"Amesoma sana," nikamjibu.

Mbodze akamshika Misi Dora mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa Kiduruma, machozi yamlengalenga. Misi akafurahi, akanambia huyu ni mwanamke mwenye akili, ameelewa. Nami nikaenda zangu kwa shangazi kula chakula cha mchana, moyo mweupe, hata nikaimba njiani.

Niliporudi, pahali pa Mwero palikuwa patupu. Vidonge vyake viko pale pale juu ya kijimeza.

Baba Timotheo alikuwa amesimama mlangoni. "Ndugu zake wamekuja na kitanda cha kamba, wamemchukua. Nilikuwa nyuma nachemsha sindano, na Misi yuko chumbani na mama anayejifungua. Damari, ulimwambia nini yule mwanamke?"

Nikamwambia, neno kwa neno.

Alianza kucheka. Alicheka akashika ukuta. Kisha akakatisha kicheko ghafla, akatazama vile vidonge, na mimi nikaona mzee amebadilika rangi.

"Mtu ameanguka msituni," akasema polepole, "wewe ukamwambia mkewe kwamba bado yuko huko. Wao kwao wajua kivuli cha mtu chaweza kubaki pahali alipoanguka. Wamempeleka kukitafuta. Kichomi, jua hili kali, mwendo wa mpaka Mazeras, na dawa ameiacha."

"Lakini Misi ndivyo alivyosema!"

"Hakusema hivyo. Alisema mgonjwa ana nafuu, ila hatari haijapita. Ndiyo maana ya maneno yale kwa wenyewe." Akavuta pumzi. "Babu yako wa Kisauni ana miaka mingapi?"

"Yapata themanini."

"Nikimwambia Misi kwa Kiingereza chako kwamba babu yako amekula chumvi nyingi, Misi atafanya nini?"

Nikaanza kukusanya vidonge, naye akaendelea.

"Atampa maji ya kunywa na kumkataza samaki wa chumvi! Binti, kila watu wana namna yao ya kusema jambo bila kulitaja. Wewe umesoma maneno, umeyasoma vizuri kunishinda. Lakini usipojua mtu ametaka kusema nini, sema hujui. Mimi Kiingereza changu ni kibovu kwa sababu kila siku nauliza. Na kwa sababu nauliza, sijamuua mtu."

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Lilinichoma hilo la mwisho mpaka leo nikilitaja nalisikia.

Akaazima baiskeli ya fundi cherehani wa jirani, akanipakia nyuma, vidonge na chupa ya maji mapajani mwangu. Barabara ilikuwa ya mawe na matuta, na mzee hakuwa kijana. Kila tukipita, wanajeshi kwenye malori wanatupigia mbinja. Mimi yule wa kutazama watu kwa juu nimeng'ang'ania mkanda wa mzee, gauni limejaa vumbi, naomba Mungu kwa lugha zote nilizojua.

Tuliwakuta Jomvu. Walikuwa wametua kitanda kando ya barabara, kwenye kivuli cha duka, wapumzike. Mwero amefunikwa leso, jasho lamtiririka, anatweta. Watu wa pale wamekwisha kusanyika kutazama.

Nikashuka. Baba Timotheo angeweza kusema yeye, na alikuwa na maneno. Lakini alishika baiskeli, akanitazama tu.

"Mama Mbodze," nikasema, "mrudisheni mgonjwa. Misi hakusema habari ya msitu."

"Asubuhi umenambia amesema. Kwa mdomo wake, ukanambia."

"Nilikosea. Alisema ana nafuu, lakini ugonjwa wa kifua haujamwacha, amalize dawa. Wao wana maneno yao ya kusema hivyo, yanataja msitu bila kuukusudia msitu. Mimi sikujua maana yake. Nikaona haya kuuliza, nikatunga."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Mbodze akanitazama toka kichwani hadi viatuni.

"Sasa mimi nimwamini yupi? Wewe wa asubuhi, au wewe wa sasa?"

Nikasema, "Wa asubuhi alikuwa anajiona. Wa sasa anaogopa mume wako asife."

Ndipo sauti ikatoka kitandani, nyembamba, ya kukereka. "Nyinyi mwabishana mimi niko wapi, na mimi niko hapa naungua jua. Nirudisheni nilikokuwa. Kule kuna uji."

Watu wakaangua kicheko, hata ndugu zake. Mbodze naye akashindwa kujizuia. Akajifuta macho kwa pembe ya leso, akanionyesha kitanda.

"Haya. Wewe ndiye uliyemtoa. Shika tendegu hilo tumrudishe."

Nikashika. Ndugu mmoja akanipisha pembe yake, akatangulia na baiskeli pamoja na mzee. Nilibeba mpaka bega likachubuka, nikibadilisha huku na huku, na Mbodze anatembea kando yangu akimnywesha mumewe maji na vidonge. Tulipofika karibu na Changamwe akanambia, bila kunitazama, "Umebeba vizuri." Ile zawadi yangu ya shule, mwanangu, sikuifurahia kama nilivyoyafurahia maneno yale mawili.

Misi Dora alikuwa barazani, uso mwekundu kwa hasira. Nikamweleza yote kwa Kiingereza, bila kuficha hata pale nilipojibu kwamba amesoma sana. Kisha akaketi kwenye ngazi akacheka mpaka akatafuta kitambaa. Alipotulia akasema na yeye alikosa: alisema na mgeni wa lugha yake kama asemavyo na dada yake wa kwao.

Jioni ile homa ilimpanda Mwero tena, na sote tulikosa raha. Lakini ikashuka, na baada ya siku kumi akaondoka kwa miguu yake, amevaa kofia, akibishana na mkewe juu ya nani abebe sufuria. Misi akayarudia maneno yale ya msitu, safari hii akicheka kwamba Mwero ametoka. Nami nikatafsiri kwa neno moja tu: "Amepona."

Tangu hapo tulipatana, mimi na Misi. Akisema jambo lisiloniingia, nainua kidole, naye analisema upya kwa maneno ya kawaida. Nami nikawa namfundisha ya kwetu. Usidhani yeye aliyapata upesi! Alisikia kwamba mtu ana mkono mrefu, akaona lazima ni sifa ya mtu mkarimu. Akaenda jikoni akamwambia mpishi wetu, mbele ya watu, "Asante sana, wewe una mkono mrefu." Mpishi akatupa mwiko, akaapa kwamba hajawahi kuiba hata chembe ya chumvi. Ilinichukua nusu saa kumtuliza, na Misi akaja kumwomba radhi. Nilipoona yule mama wa watu amekaa na mpishi, ameinamisha kichwa, anasema "sikujua", nikaona kumbe neno hilo halimpunguzii mtu kitu.

Basi, mwanangu, usikilize sasa. Lugha ya watu usiichukue neno neno ukadhani umeimaliza. Ukisoma au ukisikia jambo lisilokaa mahali pake, mtu anataja mvua na wewe waona jua, simama hapo. Jiulize mwenyewe alikuwa anazungumzia nini, tangu mwanzo hadi mwisho, na ukishindwa, muulize aliye mbele yako, awe mkubwa wako au mdogo wako. Na ukitaka kuyatumia maneno yao ya mafumbo, ngoja kwanza uyasikie midomoni mwa wenyewe mara mbili tatu. Tazama wanayasema wapi, kwenye kicheko au kwenye msiba, kwa rafiki au kwa mkubwa. Ukiwa huna hakika, sema wazi. Maneno ya wazi hayajamwaibisha mtu. Na siku utakapokosea, maana utakosea, wende mwenyewe kwa miguu yako ukaseme, kabla kosa halijamfika mwingine.

Ile barua yako ilete hapa tuisome pamoja, pale uliposita. Nikishindwa na mimi, kesho utamuuliza mkubwa wako, na utamuuliza ukiwa umeinua uso.

Mungu akufungulie masikio, akulainishie ulimi, akupe kazi yenye heri na watu wa kukuelekeza kwa upole. Na yeyote atakayelitegemea neno lako, Mola ajaalie asipatwe na baya kwa sababu yako. Amina, mwanangu.