Gari Lililokosa Matanga

Harufu ya lile gari ilinifikia kabla sijaliona vizuri. Mzee Boay, mlinzi wa shamba la kahawa lililotelekezwa chini ya msitu wa Ngorongoro, alisukuma milango ya banda kwa bega, nami nikajiandaa kunusa vumbi, mavi ya popo na oili iliyoganda, kwa kuwa kilikuwa kiangazi na banda zima lilikuwa kavu kama kibuyu. Badala yake ikatoka harufu ya mvua. Ilikuwa harufu ya udongo uliolowa na majani yaliyooza, pamoja na ule ubaridi unaomwingia mtu puani akipanda asubuhi kuelekea ukingo wa Kreta. Baba alipofungua mlango wa gari harufu ikazidi. Alivuta pumzi, akanigeukia, kisha akainama kutazama chini ya usukani kana kwamba hakuna kitu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi, mtoto wa kike pekee wa nyumba yetu ya Rhotia, na baba alipenda kwenda nami kila mahali.

Lilikuwa gari la Kimarekani la milango miwili, wekundu wake umefifia ukawa rangi ya ini. Boneti yake ilikuwa ndefu kuliko kitanda cha wazazi wangu, na ndani yake ilikaa injini ya silinda nane, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaopenda kasi. Usukani ulikuwa kushoto, upande ambao kwetu hukaa abiria. Mzee Boay aliachiwa gari hilo na tajiri wake, Mzungu mwenye shamba, alipofunga virago kurudi kwao. Hakuwahi kulikalia hata siku moja. Baba alimpa mtamba wetu mwekundu, naye mzee akamfunga mnyama kamba haraka haraka, kama mtu anayeogopa mwenzake asije akabadili mawazo. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akasema, “Gabrieli, mwanangu, nisikufiche. Mke wa tajiri alipanda nalo juu asubuhi moja ya ukungu, peke yake. Walilikuta kwenye kona, njia ya kwenda Nainokanoka. Injini inaunguruma, mlango uko wazi, mtu hayupo. Walitafuta mpaka wakachoka.” Baba akamjibu, “Mzee, chuma hakina roho,” akaanza kufunga maksai kwenye bampa.

Ni lazima nieleze kwa nini mtu mwenye akili timamu alinunua mkweche wa namna hiyo, tena miaka ile ya baada ya vita vya Kagera, sabuni ilipokuwa adimu na petroli ikipatikana kwa kibali. Mwaka uliotangulia, mama alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Lori pekee la kijijini halikuwa na mafuta. Wanaume walimbeba kwenye machela kuelekea Karatu, na mdogo wangu akafia tumboni wakiwa bado njiani, karibu kabisa na hospitali ya misheni, hata taa zake zilikuwa zinaonekana. Tangu siku ile baba hakulala vizuri. Alikuwa fundi wa matrekta katika mashamba ya ngano. Alijua kufufua injini yoyote, na bado alikuwa ametembea kando ya machela mikono mitupu. Sasa mama alikuwa mjamzito tena. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na baba alikuwa akishtuka kila mama alipoguna.

Basi likafika kwetu likivutwa na maksai, watoto wakilikimbilia kwa nyuma, likawekwa kwenye kibanda cha mabati kando ya zizi. Aama, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kiiraqw, alitoka na fimbo yake akalizunguka bila kuligusa. Alikuwa mama mzazi wa baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Baba alipomsimulia habari za yule mama wa Kizungu, Aama alirudi nyuma hatua moja. Kwetu, nyumba iliyopata msiba hutengwa. Watu wake hawali na wengine wala hawachangamani, mpaka muda upite na mambo ya kimila yafanyike. Hali hiyo huitwa metimani. “Hili gari ni nyumba ya msiba,” alisema Aama. “Mwenyewe amepotea na hakuna aliyemlilia. Unakwenda kukaa kwenye kiti chake?” Baba, ambaye kila Jumapili alisoma somo kanisani, alimjibu kwa heshima, “Mama, mimi natafuta gari la kumpeleka mkwe wako hospitali.” Hapo kila mmoja alikuwa na haki yake, na ndiyo maana hawakugombana.

Kazi ya kulifufua ilichukua msimu mzima. Baba alishusha injini kwa mnyororo alioufunga kwenye boriti, akafungua kabureta akaisafisha kwa mafuta ya taa, akachonga gasketi kwa mkasi kutoka kwenye bati jembamba na karatasi ngumu. Rejeta iliyotoboka aliiziba kwa risasi iliyoyeyushwa. Breki alizitoa kwenye lori lililokufa la ushirika, akazikata na kuzisaga mpaka zikakubali. Kazi yangu ilikuwa kusafisha ndani. Nilisugua viti vya ngozi kwa maji ya majivu, nikaanika mazulia juani, lakini hayakukauka. Yalishinda juani kutwa nzima, na bado ukiyakamua yalitoa tone la maji meusi yenye vipande vya majani. Jani lenyewe halikuwa la mti wowote wa Rhotia. Lilikuwa la miti ile ya juu yenye ndevu za kijivu, na gari lilikuwa limekaa bandani karibu umri wangu wote.

Halafu kulikuwa na vioo. Kila asubuhi nilipofungua kibanda nilivikuta vimefunikwa na ukungu wa pumzi, kama vioo vya basi lililojaa watu wakati wa mvua. Nilipovifuta kwa nje havikufutika, kwa sababu ukungu ulikuwa upande wa ndani. Na mlango wa kushoto, ambao baba alikuwa ameufunga jioni kwa mikono yake, ulikuwa wazi, si wazi kabisa, bali kiasi cha mtu mwembamba kupita. Baba alibadili kitasa. Asubuhi mlango ukawa wazi. Akaufunga kwa waya, na waya tukaukuta umekunjuliwa vizuri, umelazwa juu ya kiti. Alisema ni watoto wa jirani. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilimwona akijipiga ishara ya msalaba alipodhani nimegeuka.

Siku injini ilipowaka, kuku waliruka juu ya paa na ng'ombe wakavunja zizi. Sijawahi kusikia tena ngurumo kama ile. Ilianzia chini ya nyayo, ikapanda kwenye magoti, ikatulia kifuani. Mama alitoka nje akishika tumbo lake, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule nilimwona anacheka. Baba alitaka kulijaribu kwenye mlima, maana gari linalopanda kule haliwezi kushindwa na njia ya Karatu. Kesho yake asubuhi tulipita lango la hifadhi, ambako askari walimfahamu, tukapanda barabara nyekundu ndani ya msitu. Ukungu ulitupokea mapema. Baba aliwasha taa, zikaonyesha weupe mtupu. Lakini gari lilipanda bila kuhangaika, likikata kona kabla baba hajazikata, kama punda anayeijua njia ya kwao.

Tulipofika ukingoni na kushika njia ya Nainokanoka, ile aliyoitaja Mzee Boay, injini ilizimika. Haikukohoa wala kusita. Ilinyamaza tu, gari likajongea kwa uzito wake hadi kando ya kona, likasimama. Baba akashuka kufungua boneti. Nilibaki peke yangu ndani, na kwa kuwa boneti ilikuwa imeinuliwa sikumwona, nilisikia spana zake tu. Mlango wa kushoto, ambao alikuwa ameufunga, ukafunguka taratibu. Harufu ile ya siku ya kwanza ikaingia. Ndipo kiti cha dereva, kilichokuwa kitupu, kikainuka. Nasema kiliinuka, kama springi zinavyoinuka mtu mzito anapoondoka. Niliitazama ngozi ikijikunjua, alama ya makalio ikipotea, na nje majani yakalala moja baada ya jingine kuelekea bondeni. Nilijikunja kwenye kona ya kiti changu.

Kengele za ng'ombe ndizo zilizonirudishia pumzi. Mzee wa Kimaasai alitokea ukunguni, shuka lake limelowa, akamsalimu baba, akaniwekea kiganja kichwani kama ilivyo desturi yao kwa watoto. Kisha akalitazama gari kwa muda mrefu. “Hii gari naijua,” alisema. Baba akaacha spana. Mzee akaelekeza fimbo yake kule majani yalikolala. “Yule mama alishuka hapa. Labda aliona kitu, labda alisikia. Korongo liko karibu na ukungu ulikuwa mzito kama leo. Sisi tulimkuta baada ya mvua, alikuwa amekwisha. Tuliweka mawe.” Baba akamuuliza kwa nini hawakusema. “Nani angetuamini?” alijibu mzee. “Wangesema Wamaasai wamemuua mama wa Mzungu. Vijana wetu wangefungwa. Lakini kila nikipita naweka jiwe.” Alitupeleka. Chini ya mti wenye ndevu kulikuwa na rundo la mawe lililoota kuvu, na jiwe la juu lilikuwa bado safi. Baba alivua kofia. Akasali Baba Yetu hadi mwisho, akatafuta jiwe naye akaliweka. Tuliporudi, gari liliwaka mara moja.

Jioni ile hakubishana na mama yake. Alimwambia yote, akamalizia, “Fanya unavyojua, Mama. Padri asisikie.” Aama alimlilia yule mama wa Kizungu kama anavyoliliwa mtu wa ukoo. Mambo mengine alifanya peke yake, hatukuruhusiwa kuyaona. Gari lilizungushiwa miiba, akakataza mtu yeyote kuligusa mpaka miezi miwili iandame. Baba alihesabu miezi ya mimba akaona muda utatosha.

Haukutosha. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, ni mchana baada ya chakula, mama alipoanguka mlangoni na damu ikaonekana kwenye kanga. Baba alichukua funguo akakimbia hadi kwenye miiba, akasimama. Nilimwona amesimama pale, mvua inampiga usoni, anatazama miiba kisha anamtazama mama yake. Aama alikuja bila haraka. Akaishika miiba kwa mikono mitupu, akaivuta, damu ikamtiririka vidoleni. Akafungua mlango mwenyewe, akasema maneno kwa Kiiraqw kuelekea kile kiti, kwa upole, kama anayemwomba mgeni asogee kidogo. Kisha akamwambia baba, “Mwiko nimeuvunja mimi. Si wewe, wala mkeo, wala mtoto aliye tumboni. Nenda.”

Nilikaa nyuma, kichwa cha mama mapajani mwangu. Barabara ilikuwa utelezi mtupu. Tulipita malori mawili yaliyozama hadi ekseli, na gari letu likayumba, likanguruma, likapanda. Baba alisimulia baadaye kwamba usukani ulikuwa mwepesi mno, kama kuna mikono mingine iliyoushika pamoja na yake. Mimi sikuona mikono. Niliona vioo vyote vikavu, safi, nje mvua inanyesha na ndani hakuna hata tone la ukungu. Mdogo wangu wa kiume alizaliwa dakika chache baada ya kufika hospitali, akalia kwa sauti iliyosikika hadi uani. Tulimwita Tluway, yaani mvua.

Tuliporudi naye, Aama hakuwa nyumbani kwake. Alikuwa amehamia kijibanda cha kulelea ndama, na bakuli lake na moto wake. Hakumkaribia mtoto. Mama alitoka kila asubuhi akasimama upande wa huku wa ua, akamfunua Tluway shukani na kumwinua juu, na Aama upande wa kule aliinua mkono. Miezi ilipoandama baba alikwenda kumwambia muda umekwisha. Aama alimjibu, “Kwenu umekwisha.” Alifariki kabla ya mavuno ya mahindi, bila ugonjwa uliotajika, na hakuwahi kumpakata mjukuu aliyempisha njia. Mlango wa gari haukufunguka tena wenyewe. Liliwabeba wajawazito wengi wa Rhotia, mpaka injini ilipokufa na vipuri vikakosekana, mwishowe likakatwakatwa na wanunuzi wa chuma chakavu.

Siku hizi lami inafika hadi lango la hifadhi, na Karatu imejaa magari ya watalii na mabango ya hoteli. Akina mama hawafi njiani kama zamani, na nashukuru kwa hilo kila siku. Magari nayo tunayanunua kwa simu: unaona picha, unatuma fedha, linashushwa bandarini. Hakuna Mzee Boay wa kukwambia nani alikuwa anaendesha. Mwaka jana nami niliagiza gari dogo la mtumba. Nilipokuwa nikilisafisha, mkono wangu ulikuta chini ya kiti cha nyuma kibanio cha nywele cha mtoto, cha rangi ya waridi, na unywele mmoja mweusi bado umenasa. Fundi wa gereji alicheka akasema nikitupe. Nilikaa nacho kiganjani muda mrefu, nikijiuliza kama mwenyewe alikua au hakukua, na sikuwa na mtu wa kumuuliza ifanyike nini. Nililiegesha gari uani, nikaenda kazini kwa miguu mpaka mwezi ulipoandama. Majirani walipouliza, niliwaambia nasubiri bima.