Nukta Iliyokaa Peke Yake

Walimu wa Mwanzo Mwema Academy walimwita Mwangangi "Bwana Hapana", na jina lenyewe alikuwa amelifanyia kazi. Ukimwuliza kama ununue televisheni ya kuunganishwa na intaneti, hapana. Ukimwuliza kama uweke picha za watoto wako mtandaoni, hapana, tena kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Alikuwa fundi wa kompyuta wa shule hiyo ya kibinafsi, nje kidogo ya mji wa Machakos kwenye barabara ya kwenda Kathiani. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amefukuza virusi, amefufua printa na kuwarudishia walimu nywila walizosahau, huku akilalamika mwanzo mwisho. Na mfukoni alibeba kabambe, simu ndogo ya vibonye isiyo na intaneti. Fundi wa kompyuta na kabambe! Wenzake hawakuchoka kumcheka.

Lakini ukimsikiliza kwa makini, mengi aliyosema yalikuwa kweli. "Programu ya tochi inataka majina ya jamaa zako wote," alikuwa akiwaambia walimu wakati wa chai. "Ya nini? Inaenda kuwaposa?" Kampuni ikikuita familia, alisema, shika mfuko wako. Simu wanazitengeneza zife baada ya miaka miwili ndipo ununue nyingine, na bado wewe unashukuru. Kilichomkera kuliko vyote ni kile kitufe cha "Nakubali". Aliapa kwamba Machakos nzima hakuna mtu aliyewahi kusoma alichokubali, hata mahakimu.

Ubaya wake ulikuwa mmoja, nao tuuseme mapema. Mwangangi alipenda kuonekana amesema kweli. Alilipenda jambo hilo kuliko chakula, na akishalipata mbele ya watu, hakuona kingine.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, msichana mmoja mchangamfu aitwaye Tracy alikuja shuleni na sanduku la bangili za plastiki za kijani. Alitumwa na kampuni ya Nairobi iitwayo Malaika Salama. Mtoto akivaa bangili, Tracy alieleza, mzazi anamwona kwenye ramani ya simu kama nukta ndogo, popote alipo. Madam Kamene, mwalimu mkuu, alifurahi kupita kiasi. Shule jirani haikuwa na kitu kama hicho. Kufikia Ijumaa kila mtoto alikuwa amepigwa picha na kufungwa bangili, na Mwangangi akapewa kazi ya kuzikagua kila Jumatatu asubuhi.

Kati ya watoto hao alikuwa Wagaki, wa darasa la tatu, mtoto wa Wangechi. Wangechi aliuza sweta za mitumba sokoni na alipanga chumba mkabala na cha Mwangangi, katika ploti yenye geti la buluu karibu na kinu cha kusaga unga. Alikuwa ametoka upande wa Kangema miaka miwili kabla, na nguo zake ndani ya gunia. Mumewe, Macharia, alikuwa amemwambia mbele ya dada zake kwamba mtoto ni wake yeye, atamchukua, na Wangechi hatamwona tena. Tangu hapo Macharia alikuwa akiuliza huku na huku walikoenda. Watu wa kwao Wangechi hawakujua anaishi mji gani. Aliyejua habari yote hiyo hapa Machakos ni Mwangangi peke yake, kwa kuwa ndiye aliyeitengeneza simu yake isitoboe siri ya mahali alipo.

Kwa hiyo bangili zilipokuja, alikosa raha. Aliketi na kompyuta yake baada ya masomo, na haikumchukua hata dakika ishirini. Ukibadilisha tarakimu ya mwisho kwenye anwani ya ukurasa wa mtoto mmoja, ulifunguliwa ukurasa wa mtoto mwingine: jina, darasa, picha, na nukta juu ya nyumba yao. Hakuna nywila, hakuna swali. Mtu yeyote, popote.

Aliwaandikia Malaika Salama. Wakamjibu kwamba wanathamini maoni yake. Akaandika tena, wakamjibu vilevile, neno kwa neno. Akaenda kwa Madam Kamene.

"Bwana Mwangangi, wewe kitu gani ulishawahi kukubali?" mwalimu mkuu alimwuliza, naye akarudi kwenye karatasi zake.

Jioni hiyo alimsimamisha Wangechi pale kwenye bomba la maji.

"Mama Wagaki, toa mtoto hiyo bangili. Usiizime. Ukiizima kampuni inaambia shule, halafu maswali yanaanza. Iache tu iwake, lakini ikae nyumba."

"Na wakiangalia mkono wake?"

"Si mimi ndio nakagua?"

Wangechi akaiweka bangili ndani ya kopo la sukari, juu ya kabati. Akamshukuru sana. Alimwambia kwamba tangu afike Ukambani hajapata jirani wa kumwamini kama yeye.

Siku ya wazazi iliangukia Jumamosi. Ukumbi ulijaa, watoto wakaimba, na Tracy akaja kuongea juu ya usalama. Alipomaliza na watu wakapiga makofi, Mwangangi, aliyekuwa akishughulikia projekta, alisimama bila kuitwa. Alisema ana jambo la kuwaonyesha wazazi. Madam Kamene alimkazia macho aketi. Hakuketi.

Alichomeka kompyuta yake, na ramani ya Machakos ikatokea ukutani. Akabadilisha tarakimu, akabadilisha tena, ukurasa juu ya ukurasa. Kisha akafungua zote pamoja, na nukta za kijani zikarundikana juu ya shule. Mama mmoja alisema "Aiya!" kwa sauti. Simu zikaanza kuinuliwa juu kurekodi.

"Hizo si ni za hapa shuleni tu?" Madam Kamene alijaribu kuokoa jahazi. "Watoto wote tuko nao hapa. Ubaya uko wapi?"

Ndipo Wambua, mzazi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akanyoosha kidole ukutani.

"Na hiyo moja imekaa peke yake huko, ni ya nani?"

Swali zuri. Lilikuwa ndilo swali aliloliota. Mwangangi akasogeza kishale hadi kwenye nukta ile, akabofya.

Ikatokea picha ya Wagaki, anatabasamu na pengo la meno mawili. Wagaki Macharia, darasa la tatu. Chini yake, ramani ilijikuza yenyewe hadi ukaona paa la kinu cha unga na geti la buluu. Nukta moja tu mji mzima haikuwa shuleni, na aliyeiweka pale ni yeye. Kidole kilikuwa kimetangulia akili. Alipokumbuka, alikuwa tayari anasikia makofi.

Alimtafuta Wangechi kwa macho. Alikuwa safu ya tatu, amempakata Wagaki. Aliinuka, akamshika mtoto mkono, wakapita katikati ya watu waliokuwa bado wanashangilia, wakatoka.

Video ilienea Jumapili, kabla watu hawajatoka kanisani. Fundi wa Machakos aifichua kampuni, ndivyo ilivyoandikwa. Malaika Salama wakatangaza kwamba hitilafu inashughulikiwa. Watu wasiomjua Mwangangi walimsimamisha njiani kumpa mkono, na ni aibu kusema, lakini aliitazama video hiyo mara tatu kwenye simu ya Wambua. Mara ya tatu alihesabu. Mlango wa Wangechi ulikaa ukutani sekunde tisa.

"Baba Syokau," Wangechi alimwambia jioni, maana binti yake Mwangangi aliyeolewa Kangundo anaitwa Syokau. "Umefungua mlango wangu, ukasimama kando upigiwe makofi."

Aliomba msamaha hadi maneno yakamwishia. Kisha akatafuta njia. Shangazi yake, Mwelu, alikuwa na shamba Ndithini, mahali ambapo simu hushika ukipanda mwamba. Alhamisi kulikuwa na lori la kwenda huko kuchukua magunia ya pojo. Mama na mtoto wangeondoka nalo.

"Na hizi siku katikati?" Wangechi aliuliza.

"Shule iko na ukuta na askari. Asubuhi nitampeleka mimi, na saa tisa na nusu nimrudishe mimi. Hatatembea peke yake hata hatua moja."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Jumatatu, nambari ngeni ilimpigia Wangechi. Aliyepiga alipumua tu, kisha akakata. Jumanne, Musau, mwenye kinu cha unga, alisema kuna Probox nyeupe imepita mara mbili polepole, dereva akiangalia mageti. Mwangangi alijiambia kwamba Probox nyeupe Machakos ni nyingi kuliko mbuzi. Hata hivyo, jioni hiyo alimshika Wagaki mkono kwa nguvu hadi mtoto akalalamika anaumia.

Jumatano saa tisa na robo, gari la Malaika Salama liliingia shuleni. Tracy alikuja na mkubwa wake, bwana mmoja mwenye sauti ya taratibu, pamoja na mpiga picha. Walikuwa wamekuja kumsikiliza fundi, mkubwa alisema. Walitaka kujifunza. Je, angeweza kuwaeleza kwa maneno yake mwenyewe kampuni za teknolojia zinakosea wapi?

Miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo! Mwangangi alitazama saa, akaona ana dakika kumi na tano. Alianza na kitufe cha "Nakubali". Akaingia kwenye tochi, akaingia kwenye televisheni, na yule bwana akawa anaandika, kweli anaandika, na Madam Kamene akamwagiza mtu alete chai. Kengele ililia. Aliisikia. Alijiambia amalizie hoja moja, na hoja hiyo ikazaa nyingine, na yule bwana akamwuliza swali jingine zuri.

Aliposimama, saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika tano.

Darasa la tatu lilikuwa tupu. Askari wa getini alisema mtoto alimngoja pale, akachoka, akasema anajua njia. Ni mwendo wa dakika kumi. Mwangangi alikimbia njia yote, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, shati limemtoka kwenye suruali. Musau alikuwa amesimama nje ya kinu, unga mikononi.

"Ile Probox ilikuwa hapa," alisema. "Mtu alitoka akishika simu, anaangalia simu, anaangalia geti. Mtoto akakuja. Akamwita kwa jina, mtoto akasimama. Nilidhani wanajuana, kwa sababu hakulia."

"Walielekea wapi?"

Musau alionyesha barabara kuu. Wangechi alikuwa ameshaarifiwa na majirani, akaja kutoka sokoni mbio, kiatu kimoja mguuni. Aliingia chumbani akiita Wagaki, Wagaki, kana kwamba mtoto angeweza kuwa chini ya kitanda. Alitoka ameshika kitu kifuani, amekifunika kwa leso. Musau akaenda polisi kwa boda. Wao wawili wakapanda nyingine hadi shuleni, maana Mwangangi hakuweza kufikiri la kufanya ila kufika kwenye kompyuta yake.

Wageni walikuwa bado kwenye chai. Mwangangi hakuwasalimu. Aliandika ile anwani, akabadilisha ile tarakimu, akaomba jambo ambalo hajawahi kuliomba maishani mwake, kwamba kampuni iwe imedanganya na tundu liwe halijazibwa. Ukurasa ukafunguka mara moja. Halikuwa limezibwa.

Tracy aliinama juu ya bega lake, akaona picha ya mtoto mwenye pengo. Akaona na nukta. Uso wake ukachangamka.

"Mama, tulia. Ona, mtoto wako hajapotea," alisema. "Yuko hapa hapa shuleni. Mko naye ndani ya hii nyumba!"

Wangechi aliondoa leso. Aliliweka kopo la sukari mezani, katikati ya vikombe, akalifungua.

"Sasa ongea, Baba Syokau," alisema. "Waambie wakupige picha ukiongea."

Mwangangi alitazama ndani ya kopo, kwenye bangili ambayo yeye mwenyewe aliagiza iachwe nyumbani na kwa hofu akaisahau, kisha akaitazama nukta kwenye kioo cha kompyuta, juu ya paa la shule.