Wanasubiri Akazike

Mjukuu wangu tunamwita Siafu, maana tangu azaliwe hajatulia mahali pamoja. Utotoni alikuwa akiwaendea watu waliolala, anawainua mkono, anauachia, pwa! Kisha anawatazama usoni kama wataamka. Nikasema huyu atakuwa mwizi au daktari. Akawa katikati: yuko hospitali, chumba cha upasuaji, anawapa watu nusu kaputi.

Kazi yake alinieleza akiwa wima, kuketi hajui. Kwanza anakupa usingizi. Halafu anakupa dawa ya kulegeza misuli, unakuwa nguo iliyolowa, hata kifua kinasahau kupumua na mashine ndiyo inakupumulia. Wakishakushona, ni lazima ukazwe tena. Hapo kuna dawa mbili. Ya zamani haiiondoi ile ya kulegeza, inaupa mwili nguvu ya kusukumana nayo, taratibu, na lazima iandamane na mwenzake wa kuulinda moyo usizembee. Mpya inaikamata ile ya kulegeza ndani ya damu kama polisi na kibaka, inatoka nayo.

"Basi ya zamani itupeni," nikasema.

"Bibi, mpya tunayo kichupa kimoja tu kabatini. Hicho ni cha mtu aliyelegezwa halafu mpira wa kupumulia ukagoma kuingia kooni. Huyo hana muda wa kusukumana."

Nikakiweka akilini hicho kichupa.

Ndipo ngiri ya babu yake ikanyongeka, utumbo ukabanwa, ikawa lazima apasuliwe. Mume wangu yule kavuta sigara mpaka ukimgonga mgongoni anatoa moshi, na akikoroma misumari ya bati inachomoka, naipigilia mwenyewe asubuhi. Tulipofika hospitali, mtu wa nusu kaputi aliyekuwepo ni Siafu peke yake.

"Mke mdogo," babu akamwambia akiwa kitandani, "leo umenipata."

"Mume wangu, nikisema inua kichwa, uinue. Usiniletee jeuri."

Daktari mpasuaji, mgeni pale, akamtazama mzee, akamtazama binti, akanitazama mimi, akaingia ndani kunawa mikono.

Nikabaki mlangoni. Benchi lilikuwa linaniwasha. Nikasimama, nikaketi, nikasimama, mpaka muuguzi akachungulia.

"Bibi, wameshamshona. Sasa wanasubiri akazike."

"Akazikwe?" Nilipiga ukelele, watu wa maabara wakatoka na vichupa vyao mkononi. "Nani kasema amekufa?"

"Akazike, Bibi! Akaze misuli!"

"Basi mwambie mke mwenzangu akifungue kile kichupa kipya, upesi!"

Akaingia, akarudi. "Anasema ameshampa ya zamani. Wanamshtua mshipa wa fahamu wa mkono kwa kimashine cha umeme, dole gumba linaruka mara nne. Mruko wa kwanza kama panzi, wa mwisho kama mtu aliyeamshwa kwenda kulima. Anasubiri miruko yote ilingane."

"Na daktari?"

"Anasema mzee kafumbua macho, mpira utolewe, kuna mgonjwa mwingine. Siafu kamjibu macho hayapumui."

"Mwambie Siafu nilimbeba mgongoni!"

"Alijua utasema hivyo. Anasema mashine inampumulia babu vizuri, na kichupa hakifunguliwi kwa ajili ya haraka ya mtu. Hata yako."

Hasira zikanipanda. Nikausukuma mlango, upenyo wa jicho moja tu. Siafu alikuwa akihama mguu huu na huu, vidole kwenye kiganja cha babu. Daktari alikuwa keshavua glavu, anaitazama saa.

"Mume wangu, inua kichwa."

Kichwa kikapanda kidogo, kikaanguka, pwa!

"Si ameinua!" daktari akasema.

"Ameinua nusu. Nataka na nusu ya pili."

Nilitaka kuingia nikalivunje kabati lile kwa meno. Muuguzi akanikamata kanga. Tukavutana hapo, mimi nikimwita majina ambayo mama yake hakumpa, mpaka tukasikia tena:

"Inua. Kaza. Usishushe."

Kichwa kikapanda. Kikakaa juu. Mishipa ya shingo ikamtoka, na macho amemkazia Siafu kama siku ile binti alipomfichia sigara. Kikakaa, kikakaa, hata daktari akaacha saa. Siafu akautoa mpira. Babu akakohoa, mapazia yakapepea, kisha akauliza kwa sauti yake mwenyewe, mbovu vile vile:

"Nani anataka kunizika huko nje?"

Siafu akatoka. Akaketi kando yangu, mara ya kwanza namwona ameketi.

"Umenuna, Bibi?"

"Nimenuna sana."

Nilikuwa natafuta neno zuri la kufuatisha. Magurudumu ya kitanda kingine yakalia kwenye korido, naye akawa ameshasimama.