Mchele wa Kulusum hauoshwi kabla ya saa tano

Saa tano asubuhi, na mchele bado mkavu kwenye ungo. Watoto mia mbili wa shule moja ya msingi pembezoni mwa mji wa Koboko watakula saa saba. Mwalimu wa zamu amekwisha kuchungulia jikoni mara mbili. Kulusum Jale, mpishi mwenye umri wa miaka 51, hana haraka.

"Mwalimu, ngoja kidogo," anasema. "Itaiva saa ile watoto iko napanga laini."

Wali ukibaki, huutandaza kwenye sinia pana upoe upesi, au huumwaga. Haufuniki kwa gunia. Aliwahi kuufunika, miaka minne iliyopita.

Ilikuwa harusi ya binti yake wa pekee, Zuhurah, aliyeolewa Aroi, karibu na Arua. Kulusum alikataa mpishi wa kukodi. Alipika jioni ya kuamkia harusi, akafunika masufuria kwa magunia yabaki na joto, na asubuhi akayarudisha motoni.

"Moto ilikuwa kali. Nikasema, hapa hakuna kitu inaweza kubaki mzima."

Kabla ya alasiri, wageni thelathini na mmoja walikuwa wakitapika, akiwemo Hasifa, mama wa bwana harusi. Hakufa mtu. Lakini Zuhurah alianza ndoa yake kwa kumshikia mama mkwe beseni.

Annet Ocokoru, ofisa wa afya aliyechukua sampuli ya wali ule, anasema si uchafu wa mpishi. Kuna bakteria ambao wakibanwa na moto au ukame hujifungia ndani ya ganda gumu, linaloitwa spora.

"Maji yanachemka, wengine wanakufa, wao wanangoja," anaeleza. "Wali ukikaa vuguvugu usiku kucha, wanaamka, wanazaana, wanaacha sumu. Sumu hiyo hata ukichemsha tena haitoki."

Kulusum aliyashika maneno hayo yote. Alikwenda nayo Aroi, akamweleza Hasifa. Hasifa alimsikiliza kwa heshima, akamkaribisha kiti na maji ya kunywa. Jikoni hakumkaribisha.

Hivyo ndivyo ziara zake zilivyo hadi leo. Anapokewa vizuri, anabebewa mkoba, anaambiwa apumzike. Idd iliyopita alibeba bakuli la pilau aliyoipika alfajiri ileile. Zuhurah alilipokea kwa mikono miwili. Baadaye, akienda kunawa nyuma ya nyumba, Kulusum aliwakuta kuku wakila pilau.

"Nikanawa mkono, nikarudi kukaa," anasema, akipepeta mchele uleule kwa mara ya tatu. "Mtoto yangu iko napenda mimi, najua. Lakini namna alikuwa nakula zamani, mpaka nalamba kidole... hiyo ndiyo nataka kuona."

Wiki iliyopita Zuhurah alipiga simu. Ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Mama, utakuja kunipikia uji nikizaa?"

Kulusum amekwisha omba likizo ya siku arobaini. Unga atasaga mwenyewe hapa Koboko. Kupika, atapika Aroi.

"Nitaomba Hasifa akae jikoni, aone kila kitu. Uji ikiiva, mimi nakunywa kwanza. Halafu natia ya Zuhurah, nakaa karibu yake. Hata kama siku ya kwanza atakataa, iko siku thelathini na tisa ingine."