Pikapu Iliyokunywa Maji ya Udhu

Adui wa kwanza wa pikapu yangu ana mabawa. Garissa tunao wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, wanaokaa juu ya miti kutwa nzima kama watu waliokuja kudai kitu. Kinyesi chao kikianguka kwenye boneti na kukaa hapo hadi jua likolee, rangi huchubuka mpaka chuma kikatoa macho. Nimewafukuza kwa mawe, kwa ufagio, kwa matusi ambayo mwanamke wa ofisi za kaunti hapaswi kuyajua. Hawana habari. Wananitazama kwa dharau, kisha wanamwaga tena.

Adui wa pili ni mbuzi wa jirani, ambao huiona boneti kama kilima walichoumbiwa wao. Wa tatu ni jua. Wa nne, na huyu ndiye aliyenikosesha usingizi, alikuwa ndugu wa baba yangu.

Pikapu ilikuwa ya marehemu baba. Ilibeba maji, mbuzi, wagonjwa, magunia ya sukari, na kila mtu aliyepunga mkono barabarani. Mimi nilijifunzia udereva humo, nikikalia mto ili nione mbele, baba akiwa pembeni amefumba macho na kusoma dua kwa sauti. Alipofariki, ilibaki uani chini ya mwarobaini na haikuwaka tena. Mifugo iligawanywa kama sheria inavyotaka, kila mtu akapata fungu lake. Pikapu hakuna aliyeitaka. Ikawa mali ya wote, yaani haikuwa mali ya mtu.

Nikaanza kuifungua Jumamosi moja kwa sababu nilimkumbuka baba na sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilikuwa na spana za kuazima, karai la kuwekea nati, na buibui la zamani ambalo sikulionea huruma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama, nikalala chali mchangani, grisi ikanidondokea kwenye nyusi. Majirani walipita wakacheka. Mama alileta chai, akaiweka karibu na gurudumu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu mazishi.

Nilipoifungua rejeta, lile sanduku la maji linalopoza injini, nilidhani mtu ameijaza saruji. Ndani ilikuwa imeganda tabaka jeupe, gumu, vijia vyote vya maji vimeziba. Nilibandua kipande, nikakilamba. Chumvi! Nikampelekea mama kiganjani. Alikitazama, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio njiani.

"Baba yako," alisema, "aliinywesha kisima cha ngamia."

Watu wasiofuga hawataelewa, kwa hiyo nieleze. Ngamia bila chumvi hanawiri. Mfugaji yuko radhi atembee siku kadhaa kumpeleka kwenye kisima cha maji makali, na ngamia akitoka hapo manyoya yanang'aa na nundu inasimama. Maji yale ni dawa, ni zawadi. Baba alipoipenda pikapu yake aliipa kile ambacho angempa ngamia wake bora. Na si yeye peke yake. Ndugu yake, kila alipokuja mjini, alileta dumu la maji hayohayo kwa heshima ya gari. Waliiua kwa mapenzi, taratibu, dumu baada ya dumu, na hakuna hata mmoja wao aliyeshuku.

Niliisafisha kwa siki, nikaisukutua, nikaisukutua tena. Fundi wa jua kali akaichomelea palipotoboka. Nikanunua mipira mipya ya maji, isipokuwa mmoja wa chini ambao sikuupata Garissa nzima, nikauacha wa zamani. Mvua iliponyesha nilikinga maji ya paa kwenye pipa, nikalifunga kwa kufuli, na yeyote aliyelisogelea alinisikia. Na siku injini ilipokohoa, ikatema moshi mweusi, kisha ikakaa kwenye mlio wake wa zamani, nilipiga ukelele hadi korongo wote wakaruka. Hiyo peke yake ilinitosha kuwa ushindi wa mwaka.

Mama ndiye aliyemaliza tatizo la mabawa. Kwetu nyumba ya asili, aqal, hujengwa na mwanamke: fito zinapindwa, mikeka aliyoisuka kwa mkono inatandikwa juu. Mama alichukua fito na mikeka yake ya ujana akaijengea pikapu aqal pale uani, pana, imara, yenye kivuli. Korongo wakachafua mikeka badala ya boneti. Mbuzi wakakosa kilima. Jirani mmoja aliniuliza, mbele za watu, kwa nini gari limepata nyumba kabla yangu. Nikamjibu kwamba gari halikuchagua sana.

Basi ndipo alipotokea mnunuzi wa chuma chakavu, na nyuma yake baba yangu mdogo.

Kwetu baba mdogo anaitwa adeer, naye hukuita wewe adeer vilevile, neno linakwenda na kurudi kama salamu. Nyumbani tunasema Kisomali, lakini adeer wangu akitaka kunitania kwa ajili ya ofisi yangu huniletea Kiswahili chake cha sokoni. Alisimama mbele ya aqal, akapiga bodi ya gari kwa fimbo.

"Adeer, hii bikab imekufa na baba yako, Allah amrehemu. Kitu haitembei si mali, ni chuma tu. Mimi nauza, nanunua ngamia ya maziwa. Wewe nasoma mbaka chuo kikuu, halafu nalala chini ya gari?"

"Inatembea, adeer."

"Kwenda soko na kurudi? Hata mbuzi kilema nafanya hiyo."

Hasira ilinipanda. Ningeweza kumwambia nani aliileta ile chumvi, lakini mama alinikanyaga mguu. Nikapiga moyo konde, nikamwekea sharti. Binti yake alikuwa anaolewa Hulugho, karibu na mpaka, na wanawake wa huku walikuwa wamemsukia mikeka ya aqal yake ya harusi. Lazima ifike. Nikasema: tuipakie kwenye pikapu, mimi niendeshe, wewe na mama mkae mbele pamoja nami. Pikapu ikifika, ni yangu. Isipofika, iuze, na sitalia mbele yako.

Alikita fimbo mchangani. Mfugaji hakatai shindano la safari.

"Fizuri. Ifike na miguu yake. Kamba ikigusa yeye, imeisha."

Tulitoka alfajiri. Mikeka na fito zilifungwa nyuma kwa namna ileile mama alivyozoea kumfungia ngamia wa mizigo, pande mbili zikilingana, na vitambaa vyekundu vikipepea kileleni. Polisi kwenye vizuizi waliuliza tunahama au tunaozesha. Mama akawajibu yote mawili. Tulipita Bura, lami ikawa stori ya zamani, mchanga mwekundu ukaingia hadi kwenye meno. Nilikuwa naisikiliza injini kama mtu anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Ilikuwa inaenda vizuri. Adeer aliacha kushikilia mlango, akaanza kuonyesha kwa fimbo mahali baba alipowahi kupoteza ngamia. Kisha akasinzia. Mtu hasinzii kwenye gari asiloliamini, nikajiambia, na nikaanza kuimba.

Heri ningenyamaza. Jua lilikuwa limepita utosini tulipokuwa kwenye mchanga mzito, na nikasikia mlio kama wa sufuria inayofurika. Mvuke ukatoka chini ya boneti. Nikazima papo hapo. Nilipofungua, ule mpira wa chini, ule niliouacha, ulikuwa umepasuka urefu wa kidole, na maji yangu matamu ya mvua yalikuwa yanazama mchangani. Maji yakimwagika hayazoleki. Dumu langu la akiba nalo lilikuwa limetobolewa na ncha ya fito, huko nyuma, sijui wapi. Lilikuwa jepesi kama kibuyu kikavu.

Mpira niliuweza. Nilikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikauzungusha na kuukaza hadi vidole vikaniuma, nikafunga juu yake kwa waya. Lakini mpira bila maji ni bure. Kisima cha karibu kilikuwa mbali mbele, na ni cha chumvi. Ndani ya gari kulikuwa na chupa ya chai ya mama, kibuyu cha maziwa ya ngamia kwa ajili ya bibi harusi, na dumu moja la maji safi la adeer, ambalo alilitunza kati ya miguu yake kwa ajili ya udhu. Nililijua liko pale. Sikuweza kuliomba. Yako mambo binti humwomba baba mdogo, na maji ya sala si mojawapo. Nilisimama na spana mkononi, nikiiona pikapu ya baba ikivunjwavunjwa kwa nyundo.

Lori la mbuzi likatokea nyuma yetu, likasimama. Dereva alitusalimu akaeleza kwamba maji yake yote ameyanywesha injini yake mwenyewe, ila ana kamba nzuri, mpya, na Hulugho ni njia yake. Akaichomoa kamba, akaitupa mchangani karibu na bampa yetu. Mama aliangalia pembeni. Mimi niliitazama ile kamba na nikaichukia kuliko korongo wote wa Garissa.

Adeer alishuka polepole na dumu lake. Alikuwa amekunja mikono ya kanzu, tayari kwa udhu. Akaichungulia rejeta, akagusa chuma kwa nyuma ya vidole, kama anavyomgusa mnyama chini ya sikio kujua kama ana homa.

"Moto imeshuka?"

"Imeshuka, adeer."

"Hii maji haina chumvi."

Nilimtazama. Kumbe mama alikuwa amemwambia zamani habari za ile chumvi.

Akainua dumu akaanza kumimina. Alimimina bila haraka, bila kumwaga tone, hadi maji yakaonekana mdomoni mwa rejeta. Kisha akalipindua dumu kunionyesha kuwa limeisha. Dereva wa lori, kijana mwenye haya, akauliza kwa heshima: mzee, na sala?

Adeer akageuka upande wa kibla. Akapiga viganja juu ya mchanga, akapaka uso, akapaka mikono. Tayamamu, ule udhu wa mchanga unaoruhusiwa maji yakikosekana. Kisha akamjibu.

"Mnyama na kiu ana haki ya maji kabla ya udhu. Hii ni sheria."

Mnyama. Alisema mnyama! Si chuma. Nilijiinamia kwenye boneti nikijifanya nakaza kifuniko, maana machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nimeahidi sitalia mbele yake. Tulisali sote pale kando ya njia, dereva wa lori nyuma yake. Nikarudi kwenye usukani, nikaacha kifuniko cha rejeta kikiwa kimelegea kidogo ili mvuke usipasue kiraka, nikasema bismillahi, nikawasha. Ikawaka mara moja. Dereva akaizoa kamba yake akicheka.

Tuliingia Hulugho kabla ya magharibi, mwendo wa pole, pikapu ikinguruma kama ina jambo la kutangaza. Wanawake walitoka kwa vigelegele. Walishusha fito na mikeka, na aqal ya bibi harusi ilikuwa imesimama kabla sijamaliza kunawa mikono. Watu walipomuuliza adeer habari za safari, hakutaja kupasuka kwa mpira wala kamba. Alisema tu, kwa sauti ya kufika mbali, kwamba gari la kaka yake limekunywa maji ya udhu na limeleta harusi.

Asubuhi nilimkuta amechuchumaa kando ya moto, chuma kirefu kikiwa katikati ya makaa. Nilikitambua chuma kile. Ni cha kutilia alama ya ukoo wetu kwenye ngamia, mistari miwili na kitanzi, ili akipotea kila mtu ajue ni wa nani.

"Ngamia tunaweka shingo, kushoto," alisema. "Yeye shingo iko wapi?"

Nilifikiria rangi ile. Nilifikiria mikeka ya mama, mawe, ufagio, matusi, miaka ya kuilinda isipate hata doa la ndege. Nikamwonyesha bati la juu ya gurudumu la mbele, upande wa kushoto. Chuma kikagusa, rangi ikafoka na kutoa moshi, harufu mbaya ikatuingia puani. Adeer akanikabidhi chuma, mpini mbele.

"Maliza wewe, adeer. Mali ni yako."

Nikakandamiza kwa nguvu zangu zote.