Kikombe cha Chujio

Walimwita Chujio, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeanza. Umri wake wote wa kazi aliupitisha katika maabara ya ghorofa ya chini akitengeneza zeolaiti, unga mweupe ambao kila chembe yake ina vijitundu vyembamba, hata molekuli hupenya humo kwa kubanana, zikiingia hivi na kutoka vile. Wenye viwanda vya mafuta huutumia kama kichocheo.

“Kichocheo ni mshenga,” alizoea kuwaambia wanafunzi. “Huwaunganisha watu, kisha hurudi kwake vilevile alivyokuja.”

“Mwalimu,” mmoja alimjibu, “mshenga gani huyo asiyekula?”

Siku zile alicheka pamoja nao.

Ujanani, kabla hajaota mvi, alimimina uji wake wa madini ya silika na alumina katika kikombe kilichochakaa cha tefloni, plastiki nyeupe isiyoungua, akakifungia ndani ya chombo cha chuma, akakitia tanurini. Alipokifungua alikuta fuwele ambazo mashine ya eksirei haikuwa imepata kuziona. Vijitundu vyake vilikuwa vipana kuliko vyote alivyovijua, na mafuta mazito ya masalio yalipopitishwa humo yalitoka mepesi. Akaandika makala, akasifiwa, idara ikamletea vikombe vipya vinavyong’aa. Naye, kwa kuwa hakupenda kitu chenye taka, aliviondoa vile vikuukuu kwa mikono yake mwenyewe. Kile kilichozaa fuwele zile alimpelekea mkewe.

Tangu hapo unga ule haukurudi. Wataalamu wa nchi nyingine walijaribu wakashindwa, wakauliza kwa adabu, kisha bila adabu. Yeye alibadili chumvi, akabadili maji, akabadili moto. Uji uliingia uji, ukatoka uji. Na kwenye karatasi ya eksirei, mahali pa vilele vikali kama miiba, palichorwa kilima butu, alama ya kitu kisichoganda. Koridoni walinong’ona kwamba mzee alipika matokeo. Sifa hakuzitaka tena. Alitaka unga ule utoke mara moja tu kabla hajastaafu, asije akazikwa na jina la mwongo.

Juma la mwisho mkuu wa idara, aliyekuwa mwanafunzi wake, alisimama mlangoni.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Umeufuata ufunguo wa maabara?”

“Hapana, Mwalimu, nimekuja kukusalimu tu.”

“Anayemjulia hali mgonjwa huku anapima kitanda, mgonjwa humwelewa.”

Yule bwana alicheka, kisha akakatisha kicheko, kwa maana macho yake yalikuwa ukutani yakipima kweli. “Basi mpaka Ijumaa, Mwalimu,” alisema taratibu.

Jioni hiyo Chujio alikaa jikoni. Mkewe alimimina maziwa mapya katika chupa ambayo mgando wa jana ulikuwa umebaki kidogo chini, ili uyagandishe. Jambo hilo alikuwa ameliona tangu utotoni, lakini safari hii liliingia mahali pengine.

“Mbona unayatazama hivyo?” mkewe aliuliza. “Unataka kuyaoa?”

Akilini alikiona kile kikombe kikuukuu na mikwaruzo yake. Humo ndimo zilimonasa chembe za fuwele za mapishi ya zamani, ndogo hata jicho lisizione, nazo ndizo zilizouonyesha uji namna ya kuganda. Na vile vipya alikuwa akivichemsha kwa asidi kila mara, isibaki hata chembe, na vizazi vya wanafunzi aliwafundisha hivyohivyo.

“Mama, kile kikombe cheupe nilichokuletea zamani, kipo?”

“Si hicho hapo karibu na bomba!” Ndani yake ulisimama waya wa kusugulia sufuria. “Kila nikimaliza vyombo nakisugua na chenyewe. Nakujua, hupendi uchafu.”

Alikichukua, akapitisha kidole ndani. Kilikuwa laini kama jino.

“Umekitunza,” alisema.

Hata hivyo alikwenda nacho kazini, akapika uji wa mwisho. Ijumaa fundi wa eksirei, ambaye miaka yote alimtania, “Leo tumezaa pacha, mzee?”, alikitazama kile kilima butu, akazima mashine.

Angeweza kumweleza mkuu wa idara habari ya zile chembe. Lakini maelezo yasiyo na unga ni hadithi tu, na hadithi za namna hiyo yeye mwenyewe aliwakatalia wanafunzi maisha yake yote. Aliuweka ufunguo mezani. Kisha, mikono ikienda kwa mazoea, alikiosha kikombe kwa asidi, akakisuuza, akakifuta kwa pindo la koti.

Mkewe alimpokea mlangoni.

“Ulikipeleka wapi hicho? Waya wangu umeshika kutu hapo mezani.”

Alikirudisha karibu na bomba, akauchukua waya, akautia ndani.

“Kimetakata,” alimwambia.

“Ndiyo maana nakisugua,” mkewe akasema, akawasha jiko.